Hatuna hatimiliki: je, malisho yetu ni mali ya kaunti?

*Swali: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi kaskazini mwa Kenya, naomba usiitaje kaunti yetu. Sisi ni Waborana, tunaishi kwa mifugo. Mwezi uliopita wapima ardhi walikuja wakapiga vigingi vyekundu kutoka barabara kuu hadi kwenye laga, yaani mto wa msimu, mahali tunapohifadhi malisho ya kiangazi. Chifu alisema kuna mradi unakuja, na kwa kuwa hatuna hatimiliki, ardhi ni ya kaunti. Wazee watano wameitwa mjini kutia sahihi fomu. Vijana nao wanataka tugawane vipande haraka, kila mtu apate hati yake na fidia yake. Tuna haki gani? Na mama yangu ni mjane, je, naye atahesabiwa?*

Mwalimu, kabla hujasoma zaidi, wapigie simu wale wazee watano. Waende mjini kama walivyoitwa, wasikilize, wakipewa chai wanywe, lakini kalamu waiache mezani. Waombe nakala ya hiyo fomu na waseme wataisoma nyumbani na wenzao. Huenda ni orodha ya mahudhurio tu. Lakini katika miaka yangu ya kushughulikia kesi za ardhi nimewahi kuona orodha ya mahudhurio ikitoka barazani, na ilipofika kwenye faili ya mradi ilikuwa imebanwa nyuma ya ukurasa unaosema jamii imeridhia. Majina yaleyale, sahihi zilezile, ukurasa wa juu tu ndio mgeni.

Tuje kwa maneno ya chifu. Amewaambia nusu ya sheria. Ni kweli kaunti ina mkono wake katika ardhi ya jamii isiyosajiliwa. Alichoacha ni kueleza mkono huo ni wa namna gani. Ibara ya 61 ya Katiba ya 2010 inaigawa ardhi ya Kenya mafungu matatu: ya umma, ya jamii na ya watu binafsi. Ibara ya 63 inasema ardhi ya jamii ni ya jamii zenyewe, na inataja wazi misitu ya jamii, malisho, mahali patakatifu, ardhi za mababu, na ardhi za jamii zilizoishi kwa kuwinda na kukusanya. Kisha inasema ile ambayo haijasajiliwa itashikwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya jamii. Hayo maneno manne, "kwa niaba ya jamii", ndiyo chifu aliyoyameza.

Kwenu mnajua mali ya yatima inavyoshikwa. Ami anachunga ng'ombe wa mtoto wa marehemu nduguye mpaka mtoto akue. Maziwa atakunywa kwa kiasi, kuuza hawezi, na siku mtoto akibaleghe ng'ombe wanahesabiwa mbele ya watu. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inasema hivyohivyo kwa lugha ya mawakili: kaunti hairuhusiwi kuiuza, kuihamisha wala kuigeuza kwa matumizi ya mtu binafsi ardhi iliyoishikia jamii. Serikali ikiitwaa ardhi hiyo kwa lazima kabla hamjasajiliwa, pesa za fidia huwekwa na kaunti katika akaunti maalumu yenye riba, na mkishasajiliwa zinatakiwa zikabidhiwe kwenu pamoja na riba yake. (Wasiokula riba watajua la kuifanyia.) Kwa hiyo anayewaambia kwamba mkikosa hati leo mmekosa kila kitu, anawatisha bure.

Chifu hakuzua neno hilo. Alilirithi. Sheria ya ardhi ya kikoloni ya 1915 iliiweka ardhi ya wenyeji chini ya Taji la Uingereza, na mwaka 1921 mahakama ikasema Mwafrika aliye juu ya ardhi hiyo ni mpangaji anayeweza kuondolewa Taji likitaka. Uhuru ulipokuja, ardhi hizo zikawa za amana chini ya mabaraza ya wilaya, na madiwani wachache waliweza kuketi asubuhi moja na kutenga maelfu ya ekari za malisho. Ile sheria ya amana ilifutwa 2016. Mazoea yake hayajafutwa, na hukaa zaidi midomoni mwa watu wenye kofia za serikali.

Hujaniambia mradi ni upi, na nadhani hata nyinyi hamjaambiwa. Hilo ndilo la kujua kwanza, kwa sababu mradi huingia kwenye ardhi kama yenu kwa milango mitatu, na nguvu zenu si sawa katika kila mlango.

Mlango wa kwanza ni wa mwekezaji: kampuni ya umeme wa jua au wa upepo, kambi ya watalii, shamba la mifugo ya kuuzwa nje. Hapa ndipo mna nguvu kuliko mahali pengine popote. Kifungu cha 36 cha Sheria ya Ardhi ya Jamii kinasema mkataba wa uwekezaji hufanywa kati ya mwekezaji na jamii yenyewe, baada ya mashauriano ya wazi, na hauwi halali mpaka ukubaliwe na theluthi mbili ya watu wazima wa jamii katika mkutano ulioitwa kwa ajili hiyo, nao mkutano uwe na akidi ya theluthi mbili. Wazee watano hawatoshi. Kamati nzima haitoshi. Mbunge, diwani na chifu wakijumlishwa hawatoshi.

Mlango wa pili ni kutwaliwa kwa lazima, na hapa sitakudanganya. Barabara, reli, bandari, bwawa: serikali ikithibitisha kwamba ni kwa manufaa ya umma, inaweza kuitwaa ardhi hata mkikataa. Theluthi mbili zile hazisimami hapa. Watu wengi wa mashirika huenda vijijini wakasema "bila ridhaa yenu hakuna mradi" halafu wanaondoka na gari lao, na jamii inabaki imekaa juu ya tumaini ambalo sheria ya nchi haikuliweka. Kinachosimama hapa ni ibara ya 40: serikali lazima ilipe fidia ya haki, kamili na kwa wakati, na Katiba imeacha nafasi ya kumlipa hata anayekaa kwa nia njema bila hati. Mabadiliko ya sheria ya 2019 yaliongeza kwamba "kwa wakati" ni muda usiozidi mwaka mmoja tangu ardhi ichukuliwe, jambo ambalo mimi naliona baya, kwa sababu mwaka mmoja ni misimu miwili ya mvua, na mifugo hairudi nyuma kungoja hundi.

Mwendo wenyewe una hatua. Tume ya Kitaifa ya Ardhi hutangaza nia ya kutwaa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Baada ya siku zisizopungua 30 huweka tarehe ya kikao cha uchunguzi, na kikao nacho hutangazwa siku 15 kabla. Dai lenu la fidia liwe limefika kwa maandishi kabla au siku ya kikao hicho. Tangazo hutaja namba za vipande vya ardhi na majina ya wenyewe, na kwa ardhi kama yenu mara nyingi utakuta neno moja tu: jamii. Nani kwenye laga husoma Gazeti Rasmi? Basi Mwalimu, hiyo ni kazi yako au ya kijana yeyote mwenye simu: kila Ijumaa, gazeti linapotoka, litafute jina la kaunti yenu ndani yake. Hupatikana kwenye mtandao. Ni kazi ya kuchosha, lakini nimeona jamii mbili zikipishana hapo: moja ilifika kwenye kikao na madai yaliyopigwa chapa, nyingine ilisikia habari za kikao kwenye redio wiki tatu baadaye.

Mlango wa tatu hausemwi sana. Ni haki ya njia: nguzo za umeme mkubwa, bomba la maji, bomba la mafuta. Hapa ardhi hubaki yenu, mradi unapewa ukanda wa kupita. Watu hulegea kwa kuwa hawahamishwi, na hulipwa kidogo wakakubali. Ulizeni mambo mawili tu: ng'ombe wataruhusiwa kulala chini ya nyaya, na nani atalipa siku matingatinga yakifukia kisima.

Vigingi vyekundu peke yake havisemi mmeingiliwa na mlango gani. Msiving'oe. Najua vijana wanawaka. Kuving'oa ni kosa, na kesi ya kung'oa vigingi itawala muda na pesa ambazo mngezitumia kwenye kesi ya ardhi. Vipigeni picha kimoja kimoja, simu ikiwa imewashwa kuonyesha mahali, na muandike tarehe na namba iliyochorwa juu yake.

Sasa niseme kuhusu fidia, maana hapo ndipo wafugaji huumizwa bila kuvunjiwa sheria yoyote.

Miaka kadhaa iliyopita nilipewa kusoma ripoti ya mthamini kuhusu ardhi ya jamii moja ya wafugaji, si mbali na hali yenu. Kwenye safu ya nyumba aliandika idadi. Kwenye safu ya miti ya matunda aliweka sifuri. Kwenye safu ya matumizi ya ardhi aliandika neno la Kiingereza lenye maana ya tupu. Niliuliza alienda lini. Alienda mwezi wa tano, mvua zikiwa zimemwagika, majani yamefika magotini. Hakuona ng'ombe hata mmoja. Mzee mmoja niliyekuwa naye alicheka mpaka akakohoa. "Angekuta ng'ombe pale mwezi wa tano," akasema, "tungekuwa wajinga." Eneo lile lilikuwa limefungwa kwa makusudi. Mifugo ilikuwa imepelekwa mbali kwenye majani ya mvua ili pale pabaki mpaka kiangazi kikali. Utupu ule ndio uliokuwa kazi ya watu, kama ghala lililojaa na kufungwa mlango, na mthamini alipita mlangoni akaandika kwamba hakuna anayekaa humo.

Kwenu mna dedha, baraza la wazee wanaopanga nani alishe wapi na lini. Mna aba herega wa kila kisima, anayejua zamu ya maji ya siku ya kwanza ni ya nani na ya siku ya tatu ni ya nani. Hayo yote ni umiliki, lakini ni umiliki ulio vichwani. Mthamini hana safu yake. Yaandikeni. Chukueni daftari la shule, mkae na wazee kabla hawajatia sahihi ya kitu chochote, muandike: eneo hili linaitwaje, hufungwa mwezi gani, hufunguliwa na nani, visima vingapi, kila kisima kilichimbwa na ukoo gani, waliotoka mbali wakati wa ukame waliomba ruhusa kwa nani, faini ya anayeingiza mifugo bila ruhusa ni nini na nani aliwahi kulipa. Hilo la faini usiliache. Mahakama na tume hulipenda, kwa sababu mtu hawezi kutoza faini mahali pasipo pake.

Chora na ramani. Wazee wachore mchangani kwa fimbo kwanza, nawe uipige picha kutoka juu, kisha uihamishe kwenye karatasi kubwa. Weka makaburi, njia za mifugo, mahali pa chumvi, miti ya mikutano. Kanuni za 2017 za kukadiria fidia zinaongeza asilimia 15 juu ya thamani ya ardhi kwa ajili ya usumbufu. Lakini asilimia 15 ya kitu kilichoandikwa tupu ni nini?

Utaniuliza kama ushahidi wa namna hii umewahi kumsaidia mtu asiye na hati. Nenda Lamu. Bandari mpya ilipozinduliwa Machi 2012, wavuvi walikuwa wanavua kwenye milango ile ya bahari tangu enzi za mababu, na bahari haina hatimiliki. Walikwenda mahakamani, Mohamed Ali Baadi na wenzake, na tarehe 30 Aprili 2018 Mahakama Kuu ikaamua kwamba haki zao zimevunjwa, ikiwemo haki ya utamaduni wao wa kuvua na haki ya kupewa habari za mradi. Wavuvi wapatao 4,600 wakaamriwa walipwe shilingi bilioni 1.76. Walichopeleka ni maarifa: nani huvua wapi, kwa chombo gani, msimu gani, na udongo wa kuchimba bandari umefukia nini. Hukumu ni jambo moja na malipo ni jambo jingine, wavuvi wa Lamu watakwambia. Ila bila yale maarifa hata hukumu isingekuwepo.

Lamu hiyohiyo, mradi wa mtambo wa makaa ya mawe ulinyang'anywa leseni ya mazingira Juni 2019, sababu kubwa ikiwa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Nalitaja kwa sababu moja ya vitendo. Kila mradi mkubwa unatakiwa kuwa na ripoti ya athari za mazingira, na leseni ikitolewa, rufaa kwenye Baraza la Kitaifa la Mazingira ina muda wa siku 60. Andikeni barua leo kwa ofisi ya mradi na kwa kaunti mkiomba ripoti hiyo, ramani ya eneo na jina la mwenye mradi. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inawapa siku 21 kujibu. Barua ipelekwe kwa mkono, nakala igongwe muhuri wa kupokelewa. Wakikaa kimya, ule muhuri utasema kwa niaba yenu mbele ya jaji.

Kuhusu mpango wa vijana wa kugawana vipande, nawaelewa. Wanaona pesa zikija na wanaogopa zitaishia kwa wachache. Woga huo una msingi. Kwenye ranchi za jamii zilizoundwa baada ya sheria ya 1968, mara nyingi wanakamati walijigawia palipo na maji wakawaachia wengine mawe. Lakini tazameni Kajiado. Ranchi zilipokatwa vipande, kila familia ilipata hati, na watu wengi waliuza kipande cha barabarani kwanza, kisha cha nyuma. Waliobaki wanachunga ng'ombe kati ya nyua za wageni. Ardhi ya Kajiado ina mvua kuliko yenu. Kwenu, kipande cha ekari 20 kinaweza kukosa tone la mvua mwaka mzima huku cha jirani kikinyeshewa, na ng'ombe hawezi kula hatimiliki.

Tena kisheria njia hiyo ni ndefu kuliko wanavyodhani. Kuibadili ardhi ya jamii kuwa ya watu binafsi kunahitaji theluthi mbili zilezile. Jamii iliyosajiliwa inaweza kumpa mwanajamii sehemu aitumie peke yake, kwa nyumba au bustani, lakini hapewi hatimiliki ya pembeni, na haki yake haiwi juu ya haki ya jamii. Kama hofu ni kugawana pesa, dawa yake ni sheria ndogo za jamii zinazoeleza fidia itagawanywaje, zikaandikwa kabla pesa hazijaonekana. Pesa zikishaonekana, hakuna kikao kitakachoisha kwa amani.

Basi mjisajili. Msajili wa ardhi ya jamii hutangaza mkutano, watu wazima wote hukutana, huchagua kamati ya watu 7 hadi 15, hupitisha jina la jamii na sheria zake, na orodha ya wanajamii huandikwa. Kisha huja upimaji na kusikiliza majirani kuhusu mipaka. Jamii za Il Ngwesi na Musul kule Laikipia zilikuwa miongoni mwa za kwanza kupata hati chini ya sheria hii, kwa hiyo si hadithi. Ni polepole, ni ghali, na mambo mawili huwakwamisha wafugaji. La kwanza ni akidi. Ukiita mkutano mwezi wa tisa, nusu ya wanaume wako fora, kambi za mbali, na mifugo, na theluthi mbili hamuipati ng'o. Uiteni wakati wa mvua, warra, maboma ya nyumbani, zimejaa. La pili ni mipaka. Mkichora mstari mnene unaomfungia jirani nje, mmejiundia kesi ya miaka kumi na Wasamburu au Wasomali ambao kiangazi kijacho mtawahitaji. Sheria za jamii zinaweza kueleza haki za wapitao na wageni wa ukame. Ziandikeni, na muwaite majirani siku ya kuandika.

Kwa nini nawahimiza kufanya yote haya sasa, wakati mahakama zipo? Kwa sababu nimezisoma hukumu nzuri, na karibu zote zilikuja baada ya mchezo kuisha. Kule Loiyangalani, Marsabit, mradi wa upepo wa Ziwa Turkana ulipewa ekari 150,000 za malisho kwa ajili ya mitambo 365. Oktoba 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ilisema hati zile zilipatikana kinyume cha sheria, ikatoa mwaka mmoja makosa yarekebishwe. Wakati huo mapangaboi yale yalikuwa yameshaanza kuzunguka na umeme upo kwenye gridi ya taifa. Nani angeyang'oa?

Waendorois walitolewa kwenye Ziwa Bogoria katika miaka ya 1970 kwa ajili ya hifadhi ya wanyama. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliwapa haki yao, na Umoja wa Afrika ukaidhinisha uamuzi huo Februari 2010. Uamuzi ule ulisema warudishiwe ardhi ya mababu. Mwaka uliofuata ziwa lao likaingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia bila wao kushirikishwa, na hadi leo wanadai utekelezaji. Waogiek wa Mau walipewa ilani ya siku 30 waondoke msituni Oktoba 2009. Mahakama ya Afrika kule Arusha ikawapa ushindi tarehe 26 Mei 2017, na Juni 2022 ikaamuru walipwe zaidi ya shilingi milioni 157 na wapewe hati ya pamoja ndani ya miaka miwili. Novemba 2023 nyumba za Waogiek zilibomolewa tena kule Sasimwani, Narok. Sikuandikii hayo kukuvunja moyo. Hukumu hizo ndizo zinazonipa mimi maneno ya kusema mahakamani. Lakini mteja wangu akiniuliza kama asubiri Arusha, namwambia aanze na daftari.

Kuna neno utalisikia likitajwa na watu wa mashirika, "watu asilia", na utamsikia ofisa akijibu kwamba Wakenya wote ni wazawa. Usipoteze pumzi kwenye ubishi huo. Kenya haikupiga kura ya ndiyo wala ya hapana Azimio la Umoja wa Mataifa la haki za watu asilia lilipopitishwa 2007, na Katiba yetu inalitaja neno hilo kwa jamii zinazoishi kwa kuwinda na kukusanya. Neno lake pana ni "jamii zilizotengwa", na ndani ya maana yake imewataja wafugaji, wawe wanahama au wametulia. Waendorois na Waogiek walishinda kwa kuonyesha kwamba wao ni watu wenye ardhi inayobeba maisha na ibada yao. Onyesheni hilo, jina mtapewa baadaye.

Kuhusu mama. Atahesabiwa, na kwa jina lake. Mtu aliyeolewa na mwanajamii, mwanamume au mwanamke, ni mwanajamii moja kwa moja chini ya sheria hii, na kufiwa hakumwondoi. Sheria inasema uanachama wa mjane hukoma akiolewa tena, kifungu ambacho wanawake wengi wanakilalamikia na mimi niko upande wao, lakini kama hajaolewa hakuna wa kumgusa. Wasiwasi wangu uko kwenye kalamu ya karani. Nimezipitia orodha zilizoandikwa "mjane wa fulani", na siku ya kuhesabu kura au kugawa fidia, yule fulani, ambaye ni marehemu, ndiye aliyewakilishwa na shemeji. Siku ya mkutano kaa karibu na meza. Zamu ya mama ikifika, hakikisha limeandikwa jina lake mwenyewe, na mbele yake namba ya kitambulisho chake. Kama kitambulisho kimepotea, aanze kukifuatilia kesho asubuhi, maana foleni ya vitambulisho kaskazini unaijua.